Mpeni mwanafunzi diski kabla ya kumpa programu

Wiki ya kwanza ya somo la uchunguzi wa kidijitali, yaani kutafuta ushahidi ndani ya kompyuta na simu, tulifungua programu ya uchunguzi iitwayo Autopsy, tukaipa nakala ya diski ya mazoezi, tukabonyeza na kusubiri. Muda si muda picha zilizofutwa zikaanza kujitokeza kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Darasa likapiga makofi. Katika sisi sote hakuna aliyeuliza zilikuwa zimejificha wapi, na mtihani wa muhula ule nao haukuuliza.

Nalisema waziwazi: hilo ni kosa la ufundishaji, na anayelilipia si mwanafunzi. Ni mtu aliye kizimbani.

Chukua kesi ya Casey Anthony, mama aliyeshtakiwa kumuua mtoto wake kule Florida, Marekani, mwaka 2011. Upande wa mashtaka ulidai mahakamani kwamba kompyuta ya nyumbani kwao ilifungua ukurasa mmoja kuhusu klorofomu, kemikali inayoweza kumpotezea mtu fahamu, mara 84. Idadi hiyo ilitoka kwenye programu iliyosoma historia ya kivinjari cha Firefox. Aliyeiunda programu hiyo alipokuja kuipitia upya kazi yake, akakuta ukurasa ule ulifunguliwa mara moja tu. Mara 84 ni mtu anayepanga jambo. Mara moja huenda ni udadisi wa dakika mbili. Mama yule alikuwa akikabiliwa na adhabu ya kifo. Hakutiwa hatiani kwa mauaji, lakini mimi kila nikiikumbuka namba ile hujiuliza ni wangapi waliosomewa namba kama hiyo na hakuna aliyerudi kuihakiki.

Muhula wa pili tulipata mhadhiri aliyetunyang'anya programu zote. Alituachia kihariri cha heksadesimali, kinachoonyesha data ghafi ya diski baiti kwa baiti, kila baiti kwa alama mbili za tarakimu au herufi, karatasi na flashi yenye faili moja iliyofutwa. Nilikaa nayo alasiri tatu. Ndipo nilipoelewa kwamba ukifuta faili kwenye mfumo wa FAT, mpangilio wa kuhifadhi faili unaotumika kwenye flashi nyingi, kompyuta haigusi yaliyomo. Inabadilisha baiti ya kwanza ya jina kuwa E5, kisha inaweka sifuri kwenye jedwali linaloonyesha vipande vya faili vilivyofuatana. Mahali faili ilipoanzia na ukubwa wake bado vimeandikwa. Nilihesabu sekta, vile visehemu vidogo vya diski, kwa kalamu, nikafika pale, nikaziona: FF D8 FF, mwanzo wa picha ya JPEG. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile darasani.

Faida yake haikuwa ile picha. Niligundua kwamba kwa kuwa jedwali limeshafutwa, programu inaporudisha faili ya namna hiyo mara nyingi hukisia kuwa vipande vyake vilikaa pamoja. Vikiwa vimetawanyika, inaweza kukuunganishia nusu ya picha ya mtu mmoja na vipande vya waraka wa mwingine, na kukuonyesha matokeo kwenye dirisha safi lisilo na onyo lolote. Aliyejifunza kubonyeza tu atajuaje?

Na flashi zile za mazoezi ni rahisi. Kwenye diski za SSD, zile za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, amri ya TRIM huiambia diski ni sehemu zipi hazihitajiki tena, nayo inaweza kuzisafisha yenyewe ikishapata umeme, hata ukiwa umeweka katikati kizuizi cha kuandika, kifaa kinachoizuia kompyuta kubadilisha chochote kwenye diski. Wanafunzi wanaotoka chuoni wakiamini kwamba kilichofutwa hurudi daima watavunjika moyo, au watasema zaidi ya wanachokijua.

Sisemi programu zitupwe. Simu moja ya leo ina maelfu ya ujumbe. Hakuna anayeweza kuisoma baiti kwa baiti. Alama ya SHA-256 yenyewe, ule mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaothibitisha kwamba nakala ni sawa na asili, hakuna anayeikokotoa kwa mkono. Ninachodai ni mpangilio: mkono kwanza, programu baadaye. Na kila jibu la programu lihakikiwe kwa njia ya pili kabla ya kuingia kwenye ripoti.

Ripoti nayo imeonewa. Tuliandika mbili tu kwa miaka yote ya masomo, wakati mchunguzi wa kweli huishi kwa kuandika na kusimama mbele ya watu wasiojua diski ni nini.

Kesi ya mazoezi tulifanya mara moja, pamoja na wanafunzi wa sheria. Nilieleza vizuri jinsi barua pepe ilivyotumwa kutoka kwenye akaunti ya mshtakiwa, saa, dakika na sekunde. Dada aliyecheza nafasi ya wakili wa utetezi akasimama na kuniuliza, "Shahidi, nani alikuwa amekaa kwenye kiti?" Nilitazama karatasi zangu. Nilikuwa na jina la akaunti. Nikamjibu, "Mheshimiwa wakili, diski haionyeshi hilo." Mhadhiri wetu, aliyekuwa amekaa nyuma, aliandika kitu kwenye daftari lake, na siku ya matokeo nikakuta alama za juu kabisa amezitoa kwa sentensi ile.