Nani ana uwezo wa kusema "siwezi leo"?

Tarehe 27 Julai 2021, katika fainali ya timu ya jimnastiki kwenye Olimpiki ya Tokyo, Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alipanga kujizungusha hewani mara mbili na nusu. Akazunguka moja na nusu tu, akatua akiyumba, kisha akajiondoa. Akili yake ilikuwa imepoteza hesabu ya mwili ulipo hewani, na katika mchezo ule kosa kama hilo linaweza kumvunja mtu shingo. Kuna waliomwita jasiri na kuna waliomwita mwoga.

Siku hizohizo Uganda tulikuwa na kisa chetu. Mnyanyua vyuma wa miaka 20 aliambiwa, akiwa ameshafika Japani, kwamba hatashindana. Akatoroka hotelini karibu na Osaka, akaacha barua: maisha nyumbani ni magumu, anataka kufanya kazi huko. Alitafutwa, akapatikana, akarudishwa nyumbani na kuishia mikononi mwa polisi. Tuseme ukweli, ni wangapi wetu tulilijua jina lake kabla hajatoroka?

Wanaosema mwanamichezo ashinikizwe avumilie, asijiondoe, wana ushahidi mzito. Machi 2017 pale Kololo, Kampala, mbele ya Waganda wenzake, mkimbiaji Joshua Cheptegei aliongoza mbio za nyika za dunia hadi mzunguko wa mwisho, miguu ikagoma, akamaliza wa 30 akijikokota. Hakujiondoa. Baadaye akaja na dhahabu ya mita 5,000 Tokyo na ya mita 10,000 Paris. Mtoto wa Kapchorwa, kwao Cheptegei, anayeamka alfajiri kukimbia milimani, wanasema, hahitaji kubembelezwa.

Sawa. Lakini Biles naye alirudi, akachukua dhahabu tatu Paris mwaka 2024. Kujiondoa hakukumwua kimichezo. Kwa hiyo mimi sioni kwamba ugomvi ni wa ujasiri. Ni wa kipato. Biles alijiondoa akiwa na jina na mikataba. Stephen Kiprotich, kabla ya dhahabu yake ya marathoni London 2012, alikuwa askari Magereza: angeshindwa, mshahara ungeendelea kuingia. Yule kijana wa vyuma alikuwa na nini cha kuangukia?

Serikali iliahidi washindi wa Olimpiki malipo ya kila mwezi: shilingi milioni 5 kwa dhahabu, 3 kwa fedha, 1 kwa shaba. Ni jambo jema, ila fedha hizo humfikia mtu akiwa ameshashinda. Anayeumia goti wiki moja kabla, au anayekosa nafasi kwa pointi chache, hapati kitu, ingawa jasho lilikuwa lilelile.

Watasema hazina haiwezi kulipa kila aliyeshindwa, na wana haki. Basi ilipe wachache: walioteuliwa rasmi kwenye kikosi, posho ya miaka miwili, wapate au wakose medali. Ngumi, vyuma na kuogelea viwemo pia, si riadha peke yake.