`$_` ni "u" ya Kiswahili tu

Kijana mmoja anayekuja kwangu hapa Bukavu kujifunza kuandika programu alichungulia skripti yangu ya Perl, lugha ya kuandikia programu, akacheka. "Yaya, hii ni programu ama kuna mtu amekalia klavye?" Macho yake yalikuwa juu ya `$_`, `$/`, `$.` na `$!`, vile vigeu maalumu (majina yanayobeba thamani) vinavyozaliwa pamoja na lugha yenyewe.

Sikumjibu. Nilimwomba anieleze kwa mdomo skripti inafanya nini. Akasema: "Inachukua mstari, inaukata, inausafisha, inauandika." Nikamuuliza neno "mstari" amelitaja mara ngapi. Mara moja. Kwingine kote ametumia "u", na hakuna aliyepotea njia.

Basi hiyo "u" ndiyo `$_`. Larry Wall, aliyetoa Perl mwaka 1987, alikuwa amesomea isimu, na inaonekana. Ukiandika `while (<>)`, yaani soma mstari baada ya mstari, mstari unaosomwa unaingia ndani ya `$_` wenyewe. Amri za `chomp` (kusafisha mwisho wa mstari), `split` (kukata) na `print` (kuandika) zisipotajiwa kitu zinaelewa kwamba ni ule ule. Watu wanaozoea lugha zinazodai jina kila sentensi wanalalamika. Sisi tunaosema "nimeuona" tangu utotoni tunalalamikia nini?

Ila kiambishi kinaeleweka pale nomino ingali karibu. Taja mstari, mti na mkate, halafu useme "nimeukata": lazima mtu aulize upi. Kwa hiyo `$_` naiachia mistari mitatu au minne. Kazi ikirefuka, kitu kinapewa jina.

Cha kuogopa kweli ni `$/`. Hiki ndicho kinachoiambia Perl mstari unaishia wapi. Kikiwa hakina thamani yoyote, yaani `undef`, faili nzima inasomwa kwa mkupuo mmoja. Niliwahi kumwandikia skripti mwenye depo moja kule Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, ya kujumlisha mauzo yake ya dola na ya faranga. Ndani ya kipande kidogo cha kusoma kichwa cha ripoti niliweka `$/ = undef;` nikaendelea na safari. Orodha ya bei iliyofuata ikasomwa yote kama mstari mmoja, na ripoti ikatoka na bidhaa moja. Simu ikalia: "Mchele peke yake? Sukari nimeila mimi?" Dawa yake ni neno moja, `local $/;`, ndani ya mabano yake. Ukitoka kwenye mabano, thamani ya zamani inarudi mahali pake. Vigeu hivi ni vya programu nzima, si vya chumba chako, ukivigusa, virudishe.

`$!` sina ugomvi nacho. `open`, amri ya kufungua faili, ikishindwa, chenyewe kinasema kama faili haipo au umenyimwa ruhusa. Mtu anayeandika "imeshindikana" bila kukiweka pale anamwonea atakayerekebisha. Ipo pia moduli ya `English` inayovipa vigeu hivi majina marefu, `$/` ikawa `$INPUT_RECORD_SEPARATOR`. Asanteni, mimi hapana.

Sasa moduli, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na wengine. Kijana wangu alitaka kupakua kitu cha kujumlisha namba na kingine cha kupanga tarehe. Kwa mega za nani? CPAN, hazina ya moduli za Perl kwenye intaneti, ipo tangu 1995 na ina utajiri wa ajabu, lakini kifurushi kimoja kinakuja na ndugu zake, na ndugu na ndugu zao, mpaka bando la siku linakwisha kabla hujaandika mstari hata mmoja. Na wakati huo `List::Util` yenye `sum` (jumla) na `max` (kubwa kuliko zote) iko tayari kwenye mashine, imekuja na Perl yenyewe. `Time::Piece` ya tarehe iko. `Getopt::Long` iko, `JSON::PP` iko. Andika `corelist Time::Piece` kwenye terminali, bila intaneti, utaambiwa iliingia kwenye lugha na toleo gani.

Sisemi sanduku hilo la moduli zinazokuja na Perl lina kila kitu, wala kwamba halibadiliki. `CGI`, moduli ya kurasa za wavuti iliyokaa humo miaka mingi, iliondolewa toleo la 5.22. Na mimi mwenyewe ubahili umeniadhibu. Faili za yule mwenye depo zilikuwa na mikato ndani ya alama za nukuu, nikaona `Text::ParseWords`, moduli ya kukata mistari, inatosha, ya bure. Ilitosha mpaka mstari wenye maneno bidon d'huile (dumu la mafuta). Moduli ile huhesabu hata apostrofi kuwa nukuu. Ikaona imefunguliwa, ikatafuta ya kufunga, ikakosa, ikanirudishia orodha tupu. Katika mji ambao bili zinaandikwa kwa Kifaransa, apostrofi zitakosaje? Siku hiyo nilinunua mega nikapakua `Text::CSV`, moduli ya faili za namna hiyo, na sijutii hata faranga moja.

Kijana naye ameipenda `$_` kupita kiasi. Juzi ameniletea mizunguko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na ndani kabisa ameandika `print` peke yake. Nikamuuliza: "Upi?"