Ni majani tu? Kwa mimba, hapana

Kuna jambo la bangi na wanawake wenye mimba linanikaa moyoni tangu mwezi uliopita na najua kuna watu wa kwetu Bukavu, kule Kongo, watasema huyu mama ameenda Ulaya (hata Kanada sisi tunaitaga Ulaya tu) sasa anakuja kutufundisha, lakini niacheni niseme.

Mimi ni wa Kadutu, kule kule Bukavu. Nilifika Montréal 2015, natumika kwa garderi, nashinda na watoto wa miaka miwili mpaka minne siku nzima. Wakati nafika, bangi ilikuwa bado marufuku hapa. Tarehe 17 mwezi wa 10 mwaka 2018 wakairuhusu, na hapa Québec ni leta (serikali) yenyewe njo inauza, duka safi, taa nzuri, mlinzi kwa mlango, watu wanapanga laini kama wako kwa farmasi. Sasa kitu leta inauza na risiti juu, mtu anajiambia hakiwezi kuwa kibaya. Mimi naona shida ilianzia hapo.

Mwezi uliopita nikaenda kumwona binti mmoja wa kwetu, ananiita mama mukubwa hata kama hatuna undugu wa damu, mimba ya miezi miwili na nusu, anatapika asubuhi mpaka jioni, hata harufu ya sombe hawezi. Kwa meza, kando ya glasi ya maji, nakuta kibomba cha plastiki, ndani bangi mbili zimeshafungwa kama sigara. Nikauliza hii ya nani. Akasema: "Mama mukubwa, ni yangu, inanisaidiaka nisitapike, ni majani tu, hayina kemikali, si hata koko, bibi yetu, alikuwa anatupikiaka mubirizi, yale majani machungu ya dawa?"

Nikakigeuza kile kibomba. Kulikuwa kikaratasi cha manjano, herufi ndogo ndogo, Kifaransa na Kiingereza, kinasema usitumie ukiwa na mimba ao ukinyonyesha. Amekishika wiki tatu nzima na hajakisoma.

Simlaumu. Kuna watafiti wa Colorado, kule Marekani, walitoa kazi yao 2018: walipigia simu maduka 400 ya bangi, mwanamke akijifanya ana mimba ya wiki 8 na kichefuchefu kinamsumbua, na karibu maduka 7 kwa kila 10 yakamwambia sawa, chukua. Muuza duka amekuwa munganga (daktari)! Na wanganga wenyewe wanakataza, na tena wanajua kwamba mtu akivuta sana kwa muda mrefu bangi yenyewe inaweza kumletea kutapika, kwa hiyo unaweza kuvuta ukidhani unajitibu na kumbe unajiongezea.

Mubirizi ni mubirizi. Ile kitu ya bangi inayolevya, THC, inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia mtoto, inapenda mafuta kwa hiyo inajificha mwilini siku na siku, hata kwenye maziwa ya mama imeonekana mpaka siku 6 baada ya kuvuta. Na ubongo wa mtoto tumboni uko na sehemu zake za kupokea vitu vya namna hiyo, mwili wenyewe unazitumia kupanga mishipa ya fahamu, hii iende huku hii iende kule. Unaleta ya nje inaingilia hiyo kazi.

Kisha mtoto anazaliwa mzuri, analia, ananyonya, mama anasema mnaona? hana kitu. Hapo njo mimi kama mtu wa garderi nashika kichwa. Kule Ottawa, hapa hapa Kanada, walianza kufuata mama na watoto wao tangu 1978, na yale waliyoyaona hayakuwa mtoto kilema, yalikuja pole pole: kufika miaka 6, wale ambao mama zao walivuta sana walikuwa na shida ya kutuliza akili kwa kitu kimoja. Na bangi ya 1978 haikuwa na nguvu ya hii ya leo. Marekani nako, 2021, waliangalia watoto zaidi ya elfu 11 wa miaka 9, 10 hivi, wale ambao mama aliendelea kuvuta akijua ana mimba walikuwa na shida zaidi za umakini, za kuishi na wenzao, hata mawazo ya ajabu ajabu. Tofauti haikuwa kubwa, nasema ukweli. Na kule Rotterdam, Uholanzi, walipoangalia tabia za watoto wakakuta hata baba akivuta mtoto anaonyesha fujo vilevile, kwa hiyo si tumbo tu, ni nyumba nzima, na si haki kumtwika mama peke yake.

Kwetu sasa. Kwetu bangi ni haya, ni ya askari na maibobo (watoto wa barabarani), mwanamke mwenye mimba akivuta avenyi nzima inajua mbele ya jioni. Nilipokuwa na mimba ya kwanza bamama wazee walikuja bila kuitwa, wanakaa, wanasema usile hiki usile kile, mengine hayakuwa kweli (mayai yalinikosa nini?) lakini sikukaa peke yangu na kutapika kwangu hata siku moja. Hiyo binti wa hapa hana.

Lakini haya yetu nayo iliharibu. Jirani yetu mmoja alivuta na mimba, alienda CPN (kliniki ya wenye mimba) kila mara na hakusema kitu, aliogopa kufokewa mbele ya wengine. Mtoto akaanza masomo, hakai chini, na watu wazima wakamwita "mutoto ya bangi" akiwa na miaka 7, mwalimu hata hakujisumbua naye tena. Na wanaomsema njo wale wanaokunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na tumbo mbele yao! Pombe kwa mimba inaharibu ubongo wa mtoto na hiyo haina mabishano, ila kwetu ni kinywaji cha heshima, tunanyamaza.

Yule binti sikumfokea. Nilimpikia chai ya tangawizi, nikamsomea kile kikaratasi mara mbili, nikamwita na bwana yake atoke kwa balkoni na sigara yake aje asikie. Jumatatu nikamsindikiza, akamwambia muuguzi yote, ngapi kwa siku, tangu lini. Muuguzi aliandika tu, hakubadilisha uso, na munganga akampa dawa ya kuzuia kutapika inayoruhusiwa kwa mimba.

Juzi alinipigia saa tano ya usiku. Amekula bugali na sambaza, sahani nzima, na imekaa.