Kabla Hujanunua Betri Mpya, Shika Waya

Hapa Tabora, gari likikataa kuwaka asubuhi, kila apitaye huwa na jibu moja: betri imekufa. Jibu hilo nililiamini mwaka jana mwezi wa Oktoba, joto lilipokuwa limeshika kabla ya mvua, na kwa kuliamini nikanunua betri ambayo sikuihitaji. Tangu hapo nina msimamo ambao baadhi ya jirani zangu wa Kanyenye wanauona ni ubishi, nao ni kwamba mwenye gari anapaswa kujua kuukagua waya wa betri, na ukiwa umeharibika aubadilishe kwa mikono yake mwenyewe, kabla hajafungua pochi.

Siku hiyo nilitakiwa kwenda Sikonge kuangalia mizinga ya nyuki ya familia. Nilipozungusha ufunguo, taa za dashibodi zilizokuwa ziking'aa vizuri zilififia ghafla, ukasikika mlio mmoja wa "tik" kutoka kwenye boneti, basi. Vijana walinisukumia, gari likawaka. Kabla ya kuondoka mjini nikapita dukani, nikaiacha betri ya zamani ili nipunguziwe bei, nikafungiwa mpya. Nina desturi ya kuandika tarehe ya ununuzi ubavuni mwa betri kwa rangi nyeupe, na ile niliyoiacha ilikuwa haijatimiza miaka miwili. Wiki tatu baadaye nikausikia mlio uleule.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani yangu, ambaye kwa miaka mingi aliendesha malori ya tumbaku kutoka Urambo. Nilimwamkia, nikamweleza yaliyonipata, naye hakuuliza lolote kuhusu betri. Aliniagiza nijaribu kuwasha mara tatu mfululizo, kisha akaweka kiganja juu ya waya mweusi, pale unapoingia kwenye kibano ambacho mafundi hukiita temino, akakiondoa upesi.

"Mwalimu, njoo ushike hapa."

Nikashika. Ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai iliyoepuliwa sasa hivi.

"Betri haina kosa, mwanangu," akasema. "Umeme unaishia njiani."

Kauli hiyo ya mzee ina hesabu ndani yake, na ningependa kila mwenye gari aielewe. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 100 hadi 200 inapozungusha injini, na katika nukta ile ya kwanza huweza kuvuta zaidi ya hapo. Taa moja ya mbele ya wati 55 huvuta ampea zisizofika 5. Kwa hiyo waya ulioliwa ndani unaweza kuwasha taa zote, ukapiga honi na redio, mwenye gari akaapa kwamba umeme upo, na bado stata ikaukosa kabisa. Nilipoazima mita ya kupimia umeme, nikaweka ncha moja juu ya nguzo ya hasi ya betri, yaani kwenye risasi yenyewe wala si kwenye kibano, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, huku binti yangu akizungusha ufunguo, mita ilisoma volti 2.1. Waya mzima haupaswi kupoteza hata nusu volti. Kama stata ilikuwa ikivuta ampea 150, basi zaidi ya wati 300 zilikuwa zikigeuka joto mahali padogo kuliko kidole gumba, na hilo ndilo joto tulilolishika.

Na zile wiki tatu za amani? Sikupewa na betri mpya. Muuza betri alipofungua kibano na kukifunga upya alikikwangua kidogo bila kukusudia, umeme ukapata upenyo, kisha kutu ikaurudia upenyo huo.

Niliupasua waya huo kwa kisu ili nijionee. Kwa nje ganda lake jeusi lilikuwa zima, halina hata ufa. Ndani, kwa urefu wa karibu shibiri moja, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani na nyeupe, na nyuzi nilizozikunja zilikatika kama majani makavu. Mvuke wa asidi ya betri hupenya kwenye kibano na kutambaa taratibu kati ya nyuzi, ukizila chini ya ganda ambalo mtazamaji hulisifia uzima. Ndiyo sababu sikubaliani na desturi ya kukata ncha iliyooza na kufunga kibano kipya kwenye waya uleule mkuukuu. Ukikata na kukuta nyuzi bado ni nyeusi au za kijani, endelea kukata mpaka shaba ing'ae, na kama waya haufiki tena, badilisha wote. Kuhusu kuchomeka kipande cha bati la kopo au msumari ili kibano kilicholegea kikaze, sitasema mengi. Nimeyaona hayo kwenye gari la mtu msomi.

Swali ninaloulizwa zaidi ni mahali pa kupata waya wenyewe. Katika mji wetu si lazima kusubiri kipuri kutoka Dar es Salaam. Maduka ya vifaa vya umeme wa jua huuza waya mnene wa milimita za mraba 25 na 35, kwa kuwa betri za sola nazo zinauhitaji, na huuza pia lagi, yaani vile vichwa vya shaba vyenye tundu la bolti. Hata hivyo, mimi hupendelea waya wa mashine ya kuchomelea vyuma, kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, unapinda kwa urahisi, na hauchoshwi haraka na mtikisiko wa injini. Kabla ya kulipa, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Kukitokea weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa takribani theluthi mbili tu ya shaba halisi. Muuzaji atakwambia ni yaleyale. Si yaleyale.

Lagi ikandamizwe kwa mashine yake. Mafundi wa sola wanayo, na yule niliyempelekea alizibana lagi zangu mbili kwa muda mfupi kuliko tulivyosalimiana. Kuzipondaponda kwa nyundo huacha nafasi ambamo unyevu huingia, na kujaza risasi ya kulehemu huufanya waya uwe mgumu kama kijiti pale unapotoka kwenye lagi, kisha ukakatikia hapohapo. Najua wapo mafundi hodari wanaolehemu na kazi zao zikadumu, lakini kwa mtu anayejifunza mwenyewe naona kubana kwa mashine ndiko salama zaidi.

Kazi ya kufunga ni ya spana namba 10 na 12, msasa na uvumilivu. Vua pete na saa, usivute sigara karibu, kwa kuwa betri hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto kwa cheche ndogo. Anza kufungua hasi, kisha chanya, na wakati wa kurudisha anza na chanya, umalizie na hasi. Watu hukariri mpangilio huo bila kujua sababu yake, kisha wanausahau. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikateleza ikagusa bodi, umeme wote wa betri utapita kwenye spana hiyo iliyomo mkononi mwako. Hasi ikiwa imefunguliwa, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea.

Ule unga mweupe kwenye nguzo niliuosha kwa magadi, haya haya ya kulainishia maharage, niliyoyakoroga katika maji ya moto. Yanatoa povu, na povu likiisha asidi imekwisha. Angalia tu yasiingie kwenye matundu ya betri, kwa maana yataiua asidi ya ndani pia. Upande wa injini, nilikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu lagi mpya juu ya kutu na rangi ni kazi bure. Magari mengi yana pia waya mwembamba wa hasi unaotoka kwenye kibano kwenda kwenye bodi. Huo usiusahau. Ukikosekana, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, hata kupitia kebo ya mafuta au ya klachi, na hapo utaanza kutafuta ugonjwa usiokuwapo. Mwisho nilipaka grisi juu ya vibano, baada ya kukaza wala si kabla.

Mzee jirani yangu anapinga jambo moja katika haya. Anasema waya wa chanya si wa kuchezewa na mwalimu, nami nimekubaliana naye nusu. Katika magari mengi waya mnene unaokwenda kwenye stata hauna fyuzi, kwa hiyo ukipitishwa karibu na eksozi au ukasuguana na ncha ya chuma hadi ganda litoboke, gari huweza kuungua likiwa limezimwa. Anayeubadilisha na aurudishe kwenye njia yake ya awali na vishikio vyake vyote. Asiyeweza kuifikia njia hiyo ampe fundi. Vilevile, magari ya karibuni yenye kifaa cha kompyuta juu ya kibano cha hasi si ya kujifunzia. Gari langu ni la mwaka 2003 na halina kifaa hicho.

Baada ya kufunga, mita ilisoma chini ya volti 0.2. Gharama yote, pamoja na soda niliyomnunulia fundi wa sola, haikufika robo ya bei ya betri. Sikonge nimekwenda na kurudi mara nne tangu wakati huo.

Juzi nilipita kwenye kibanda kimoja cha kunyolea karibu na stendi. Chini ya kiti, kwenye waya uliotoka kwenye paneli ya jua iliyo juu ya bati, palikuwa na betri inayoendesha mashine ya kunyolea, taa mbili na redio. Ubavuni ilikuwa na tarehe, kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wangu.