Umeokota simu kwenye Coaster: umpe konda, uende polisi au usubiri ipigwe?

Simu ikisahaulika kwenye kiti cha Coaster ya Moshi–Arusha, watu wawili huanza kushindana bila kujuana. Aliyepoteza anakimbilia kufunga laini. Aliyeokota, kama ana nia njema, anasubiri ipigwe ili ajue ni ya nani. Wa kwanza akiwahi, wa pili anabaki na simu yenye paterni, haiiti tena, na hana pa kuanzia.

Wanaosema funga laini mara moja wana hoja nzito. Laini siku hizi ndiyo pochi. Namba ya siri inalinda salio, sawa, lakini haimzuii mtu kuitoa laini, kuiweka kwenye kitochi, na kumwandikia shangazi yako atakayepiga: "Nimekwama, nitumie elfu hamsini kwenye namba hii." Tena laini imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kikifanyika cha ajabu kupitia laini hiyo, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Hata hivyo naona haraka hiyo inawaadhibu waaminifu kuliko wezi. Mwizi huzima simu dakika ileile. Kufunga laini hakumrudishii mtu kifaa. Omba simu ya jirani, jipigie mara mbili tatu. Ikiita bila kupokelewa, huenda aliyeiokota yuko garini bado na hajaisikia. Ikiwa imezimwa, hapo kafunge laini, tena mbio.

Kwa aliyeokota, mambo ni magumu zaidi kuliko wahubiri wanavyodhani. Kumpa konda kuna mantiki: mwenye simu akigundua, atarudi stendi kuulizia gari. Lakini konda wa leo anaweza kuwa deiwaka ambaye kesho hayupo, na ukiulizwa ulimpa nani, utasema "kijana mmoja hivi". Polisi ndiko kunakokulinda zaidi kisheria, ila wengi wanaogopa swali la "umeipata wapi?" Swali lenyewe ni la kawaida tu, kinachotisha ni jinsi linavyoulizwa. Isitoshe, barabara hii inapita mikoa miwili. Mwenye simu anaweza kutoa taarifa Moshi, Boma Ng'ombe au Usa River, wakati wewe umeikabidhi Arusha mjini.

Ndiyo maana wengi husema, "Nimeokota, sijaiba," wakaishia hapo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 258, kweli inamwachia nafasi aliyeokota: hahesabiwi mwizi ikiwa hakumjua mwenye mali na aliamini, kwa sababu za msingi, kwamba hawezi kupatikana. Kwa mwavuli uliosahaulika, utetezi huo unaweza kusimama. Kwa simu unayumba, maana simu yenyewe humwita mwenyewe. Ukiizima, au ukaipeleka kwa fundi aiflashi, umekata kwa mkono wako njia iliyokuwepo.

Kuna na mtego wa wema. Unatoa laini, unaiweka kwenye simu yako utafute jina la "Mama". Mara nyingi hutalipata, kwa kuwa majina siku hizi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Google, si kwenye laini. Halafu mtandao unakuwa umeshaandika kwamba laini iliyopotea ilitumika kwenye simu yako, maana kila simu ina IMEI, yaani namba yake ya utambulisho. Bora uiache ilivyo, uichaji, na umwambie mwenyekiti wa mtaa mapema ili uwe na shahidi.

Kuhusu "chai", sina tatizo na mtu kuomba nauli ya kutoka Sakina hadi Moshi kuirudisha, au ya kuituma kwa gari. Lakini anayesema "laki moja au huioni" ameacha kuwa mwokotaji.

Mkutane stendi au ofisi ya mtaa, si nyumbani. Na kabla hujamkabidhi, mwambie aifungue mbele yako. Rangi ya kava hata abiria wa kiti cha nyuma aliiona. Paterni anaijua mwenyewe.