Ukimpa mtoto Bitcoin, hakikisha umempa kweli

Mi sipingi mtu kumpa mtoto zawadi ya kripto, yaani hizi sarafu za mtandaoni kama Bitcoin, naliweka hilo wazi mapema kabisa. Ninachopinga ni hii tabia ya mzazi au mjomba kununua Bitcoin kwa jina lake, kwenye simu yake, kwa neno la siri analolijua yeye peke yake, alafu anaandika kwenye grupu la familia kwamba "mwanangu nimeshamwekea". Umemwekea wapi? Ataipataje? Nani mwingine ndani ya hiyo nyumba anajua ilipo? Kama majibu hayapo basi mtoto hajapata kitu, wewe ndo umejinunulia Bitcoin na umeitaja kwa jina la mtoto.

Shida inaanzia hapa. Karibu majukwaa yote makubwa ya kununulia kripto yanataka mtu awe na miaka 18 na kitambulisho, kwa hiyo mtoto hawezi kuwa na akaunti hata ungetaka, inabidi itumike ya kwako. Na ikishakuwa ya kwako, mbele ya sheria na mbele ya ndugu hiyo ni mali yako, haijaandikwa popote kwamba ni ya Asha au ya Baraka. Linganisha na Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, ile kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao upo tangu 2008, pale vipande, yaani sehemu unazonunua kwenye mfuko, vinasajiliwa kwa jina la mtoto mwenyewe, mzazi au mlezi anasimamia tu, karatasi zipo, na siku ukiondoka duniani kuna ofisi ambayo mtu anaweza kwenda na cheti cha kuzaliwa akauliza. Sisemi UTT inakua kama Bitcoin, haikui hivyo, nasema pale mtoto anamiliki kitu na inajulikana kwamba anamiliki.

Kwa sisi Waislamu hili jambo lina uzito zaidi na nashangaa hatulizungumzi. Hiba, yaani zawadi, kwa mafakihi wengi, wale wanazuoni wa sheria ya dini, haitimii mpaka kitu kikabidhiwe, na kwa mtoto mdogo baba anaweza kukipokea na kukishika kwa niaba yake, lakini inatakiwa ijulikane kwamba amekitoa, kitenganishwe na mali yake mwenyewe, na watu washuhudie. Sasa wewe umenunua Bitcoin mara tatu, nyingine kwa ajili ya mtoto, nyingine ya kwako, nyingine ya kufanyia biashara, zote ziko kwenye waleti moja, yaani ile programu ya kutunzia kripto, zimechanganyika, hakuna shahidi, hakuna karatasi. Ukifa leo warithi wote wana haki ya kusema hiyo ni sehemu ya mirathi igawiwe, mke, wazazi wako, na watoto wa mama mwingine, na watakuwa sahihi kabisa. Yule mtoto uliyemwambia "hii yako" atapata fungu lake kama wengine. Hapo ni kama hiyo Bitcoin yenyewe imeonekana.

Maana mara nyingi haionekani. Mtaani kwetu Tanga kuna mama alifiwa na mumewe, kijana tu, ajali ya barabarani. Marehemu alikuwa anamwambia mkewe kila mara kwamba mtoto ana Bitcoin zake, akikua atasoma nje kwa hela hiyo, na mama wa watu akaamini na mi naamini mume alikuwa mkweli. Simu ilikufa pale pale kwenye ajali. Wakatafuta madaftari, wakafungua begi lake la kazini, wakamuuliza rafiki yake waliyekuwa wanaongea naye hayo mambo ya kripto, hakuna aliyejua hata jina la programu aliyokuwa anatumia. Msiba ukaisha, eda ikaisha, yule mama bado ananiuliza mi kama kuna namna, kwa sababu ananiona nafanya kazi na kompyuta, na mi sina cha kumwambia, na inaniuma kila nikikutana naye.

Watu wamezoea benki ndo maana hili haliwaingii akilini. Mtu akifa na ana hela benki, familia inakaa kikao, inamteua msimamizi, anaenda mahakama ya mwanzo, anathibitishwa, anachukua barua anaipeleka benki, inasumbua na inachukua muda lakini mwisho wa siku hela inatoka. Kama Bitcoin ilikuwa kwenye jukwaa la kampuni, angalau kuna kampuni ya kuandikia, mradi mnajua ni ipi. Lakini kama ilikuwa kwenye waleti binafsi, hamna dirisha la kwenda. Kuna yale maneno ya siri 12 au 24 ambayo waleti inakupa siku unaifungua, mwenye hayo maneno ndo mwenye mali, asiyekuwa nayo hana, na hakuna hakimu wala fundi wala mtu wa kompyuta anayeweza kuyatengeneza upya. Yule James Howells wa Newport kule Wales diski yake yenye funguo za Bitcoin karibu 8,000 ilitupwa na takataka mwaka 2013, amehangaika miaka na miaka na halmashauri ya mji wake ili aruhusiwe kuchimba dampo, kafika mpaka mahakamani na hakuruhusiwa. Bitcoin zenyewe ziko pale pale kwenye mtandao, kila mtu duniani anaweza kuziangalia, hakuna wa kuzigusa.

Kuna wanaosema basi mi naacha kwenye jukwaa kubwa, wao watanitunzia. Sawa, kwa mwezi au mwaka. Ila wewe unamwekea mtoto mchanga, unazungumzia miaka 18, na Bitcoin yenyewe imeanza Januari 2009, yaani unaomba kampuni ikae hai muda ambao ni kama umri wote wa hii sarafu. Mt. Gox ya Japani ndo ilikuwa soko kubwa kuliko yote duniani, Februari 2014 ikafunga milango ikasema Bitcoin kama 850,000 hazijulikani zilipo. FTX, soko jingine la kripto, ilikuwa inatangaza kwenye viwanja vya michezo Marekani, Novemba 2022 ikaanguka ndani ya siku chache. Waliokuwa na vyao mle walikaa kwenye foleni ya madai kwa miaka.

Kwa hiyo kama umeamua kumpa mtoto, kazi yenyewe haiko kwenye kununua. Kununua ni dakika kumi, unamlipa muuzaji kwa M-Pesa unapata. Kazi iko kwenye kukabidhi na kutunza, na mi naona ifanyike hivi: waleti ya mtoto iwe peke yake, isichanganywe na yako hata senti. Yale maneno yaandikwe kwa mkono kwenye karatasi nzuri, au kama una uwezo yagongwe kwenye bati la chuma kwa sababu nyumba zetu zinaungua na zinaingia maji, nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Usipige picha. Usijitumie WhatsApp, usiweke kwenye barua pepe, maana simu ikiibiwa au akaunti ikiingiliwa imeisha hiyo. Na kabla hujaweka hela ya maana, weka kidogo, futa waleti kwenye simu, chukua simu nyingine, yaingize yale maneno uone kama hela inarudi. Watu wengi wanaruka hii hatua na ndo hapo utakuta neno la saba liliandikwa vibaya, na unaligundua siku ambayo huna tena la kufanya.

Alafu andika. Karatasi moja tu inatosha, kwamba mimi fulani, tarehe fulani, nimempa mwanangu fulani kiasi hiki cha Bitcoin, maneno ya siri yapo sehemu hii, fulani na fulani ni mashahidi. Mwite mama yake mtoto, muite na mtu mzima mmoja mnayemwamini, wasaini. Kuhusu wosia, RITA, ile ofisi ya serikali inayotoa vyeti vya kuzaliwa, wanaandika na kuhifadhi wosia, kwa hiyo kama unao utaje humo kwamba hiyo mali ipo na ni ya mtoto na ilishatolewa, lakini hayo maneno yenyewe usiyaandike kwenye wosia hata kidogo, kwa sababu wosia unafunguliwa na kusomwa mbele ya watu na yeyote mwenye kumbukumbu nzuri au simu mfukoni ameshakuwa mwenye mali. Andika mahali yalipo tu. Najua kuna wanaume wataona uzito kumwambia mke mambo ya hela. Hapa sina cha kubembeleza, kama humwamini mama wa mtoto tafuta dada yako, tafuta shehe au mchungaji, lakini awepo binadamu mmoja anayejua.

Kingine hakisemwi kabisa, ada. Kutuma Bitcoin kwenye mtandao wenyewe kuna ada inayopanda na kushuka kulingana na foleni, na haijali unatuma kiasi gani. Tarehe 20 Aprili 2024, siku malipo ya wachimbaji, wale ambao kompyuta zao zinathibitisha miamala ya Bitcoin, yalipokatwa nusu, ada ya wastani ilipita dola 100 kwa muamala mmoja. Ilishuka baadaye, lakini fikiria mtoto umemtumia vizawadi vidogo vidogo vya dola tano tano kila sikukuu kwenye waleti yake, siku anataka kuvitoa kila kimoja kinahesabiwa kivyake kwenye ada, anaweza kukuta gharama ya kuvikusanya imemeza vyote. Ni afadhali ukusanye pembeni kwa shilingi, ukinunua ununue mara moja kwa mwaka kiasi chenye maana.

Na iwe Bitcoin. Hapa najua nitagombana na watu lakini kwa mtoto mi siweki kitu kingine. Sarafu nyingine iitwayo Luna ilikuwa zaidi ya dola 100 Aprili 2022, na watu waliiita salama, katikati ya Mei ilikuwa chini ya senti. Ndani ya mwezi mmoja. Sarafu za utani nazo, hizo za mbwa na vyura, mtu mzima akicheza nazo ni hela yake na akili yake, ila kumwandikia mtoto zawadi kwenye kitu ambacho waliokianzisha wenyewe wanaweza kukiacha kesho, hapana. Na ukiona mtu anakuuzia "sarafu mpya ya watoto" yenye faida ya kila mwezi na ukileta wazazi wengine unapata kamisheni, kimbia, nchi hii ilishaona upatu wa DECI mwaka 2009, watu wakiambiwa wapande mbegu wavune, tukajua mwisho wake.

Hata Bitcoin yenyewe usiifanye ada ya shule. Aliyemnunulia mtoto Desemba 2017 ikikaribia dola 20,000, mwaka mmoja baadaye iko kama 3,200. Aliyenunua Novemba 2021 kwenye 69,000, mwaka mmoja baadaye 16,000. Wote hao wakisubiri mpaka Desemba 2024 waliiona ikipita 100,000, sawa, lakini shule haisubiri. Mtoto akitakiwa kuanza kidato cha tano mwaka ambao imeanguka robo tatu, utauza kwa hasara au utamrudisha nyumbani? Ada iwe kwenye hela inayotulia, vipande, amana, hatifungani. Kripto iwe ile sehemu ambayo ikipotea yote mtoto anasoma vilevile na anakula vilevile.

Sheria nayo usijifanye huijui. Benki Kuu ya Tanzania, BoT, ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa kwetu, Juni 2021 Rais Samia akiwa Mwanza akawaambia BoT waanze kujiandaa nazo, na mwaka 2024 ikaingia kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Yaani serikali inaitoza lakini ukitapeliwa kinga yako ni ndogo sana. Mtoto atakayeichukua baada ya miaka kumi na kitu atakuta sheria nyingine kabisa, kwa hiyo tunza risiti za siku uliyonunua na bei, atazihitaji.

Mtoto aambiwe lini? Mi naona chini ya miaka 12 asijue kabisa, kwa sababu watoto wanaongea, atasema shuleni, atasema kwa dereva wa bodaboda, na wewe umeshaiweka na picha kwenye status, nyumba nzima inakuwa inajulikana ina nini. Akifika sekondari mfungulie waleti ndogo ya kujifunzia, mwekee kama elfu ishirini, ashike maneno yake mwenyewe, atume arudishe, aone bei ikipanda akifurahi na ikishuka akinuna. Akiyapoteza hayo maneno amepoteza elfu ishirini na amejifunza jambo ambalo huwezi kumweleza kwa mdomo. Ile kubwa inabaki kwenye karatasi mpaka umwone amekomaa, na hilo la kukomaa haliji lenyewe siku anatimiza 18, wapo wa 25 bado ningewashikia.

Na nyie ndugu zetu mlioko nje, Muscat, Minneapolis, London, huwa mnatuma kwa upendo na tunawashukuru. Lakini msimtumie mtoto kripto kwenye simu ya baba yake bila kuongea na wazazi wote wawili, na zile kadi za zawadi za kripto zilizochapishwa maneno ya siri tayari msinunue, aliyechapisha anaweza kuwa ameyanakili na akasubiri muweke hela. Mkitaka kumpa, pigeni simu kwanza, mama yake afungue waleti mpya, ayaandike maneno mwenyewe, awatumie anwani ya kupokelea tu. Na kama mama hajui hata pa kuanzia, nipeni namba yake nitakaa naye jioni moja tufanye pamoja.