Mfumo Usioruhusiwa Kuuzwa Haufiki Mbali

Wanaosimulia habari za kuenea kwa Linux, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta nzima), kwa kawaida husema kwamba ilienea kwa sababu ilitolewa bure. Maelezo hayo hayatuambii kwa nini leseni ya kwanza ya Linux, ambayo mwanzilishi wake, Linus Torvalds, aliitunga mwenyewe mwaka 1991 na ambayo ilishikilia ubure kwa ukali kuliko ile iliyoifuata, iliachwa baada ya miezi michache tu. Leseni hiyo ilimtaka kila anayeusambaza mfumo autoe pamoja na msimbo wake wote, yaani maandishi ya programu ambayo binadamu anaweza kuyasoma na kuyabadilisha, kisha ikamkataza kutoza malipo ya aina yoyote, hata yale ya kufidia gharama za kunakili. Iliyochukua nafasi yake, yaani leseni ya GPL, iliruhusu kuuza, mradi mnunuzi apewe msimbo na haki zilezile. Nionavyo mimi, ruhusa hiyo ya kuuza ndiyo iliyoufikisha mfumo wa jamii ya Unix, mfumo endeshi wa zamani ambao Linux iliuiga, kwenye kompyuta za watu wa kawaida, na wanaoichukulia kuwa doa katika programu huria, yaani zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadilisha na kuzisambaza, wanaisoma historia kinyumenyume.

Kabla ya hapo Unix ilijulikana na wengi lakini ilishikwa na wachache. Ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, chini ya kampuni ya simu ya AT&T, ambayo makubaliano yake ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani yaliizuia kufanya biashara nje ya mawasiliano. Kwa kuwa haikuweza kuiuza kama bidhaa ya kawaida, AT&T ilivipa vyuo vikuu leseni kwa ada ndogo, tena pamoja na msimbo, na kizazi kizima cha wataalamu kikajifunza kwa kuusoma. Toleo la 7 la Unix la mwaka 1979 likaja na masharti yaliyozuia msimbo huo kufundishwa darasani. Ufafanuzi ambao John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales alikuwa ameuandika juu ya toleo la 6 ulizunguka kwa miaka mingi kama fotokopi ya fotokopi, na haukuchapishwa rasmi hadi mwaka 1996. Mwenye kompyuta binafsi aliweza kununua Xenix, aina ya Unix ambayo Microsoft iliitoa kwa leseni kutoka AT&T, lakini hiyo ilikuwa bidhaa ya ofisi kwa bei ya ofisi.

Aliyeutatua mkwamo huo kwa mara ya kwanza ni Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam. Mwaka 1987 alitoa Minix, mfumo mdogo uliofanana na Unix kwa mtumiaji ingawa ndani yake hamkuwa na mstari hata mmoja wa AT&T, na akauambatanisha na kitabu chake cha kiada kuhusu mifumo endeshi. Ulifanya kazi kwenye kompyuta za kawaida za IBM zenye prosesa dhaifu za wakati ule. Mchapishaji, kampuni ya Prentice-Hall, aliuza disketi zake kwa dola 69 pamoja na msimbo wote. Kwa mtu aliyezoea bei za Unix za kibiashara, hiyo ilikuwa karibu na zawadi.

Ni rahisi leo kumlaumu Tanenbaum kwa kuikabidhi kazi yake kwa mchapishaji wa vitabu, na wengi wamemlaumu. Mimi simlaumu kwa hilo. Mwaka 1987 watu waliokuwa na njia ya kuvuta faili kupitia mtandao walikuwa wachache, karibu wote wakiwa vyuoni au katika kampuni kubwa, na kuliweka jambo kwenye seva ya chuo kulimaanisha kulificha kwa watu wote wengine. Mchapishaji alikuwa na maghala, wasambazaji, maduka ya vitabu na utaratibu wa kupokea malipo kutoka nchi za mbali. Kama lengo lilikuwa kumfikishia mfumo mwanafunzi asiye na akaunti kwenye kompyuta ya chuo, disketi za dola 69 ndani ya bahasha zilikuwa jibu la busara kuliko ukarimu usiofika.

Tatizo lilikuwa kwamba aliyeruhusiwa kuuza alikuwa mmoja tu. Ukiacha nafasi iliyotolewa kwa vyuo katika kufundishia, mnunuzi aliweza kuusoma msimbo na kuubadilisha kwa matumizi yake, lakini hakuwa na haki ya kuusambaza mfumo aliokwisha kuuboresha. Tanenbaum naye aliukataa mkondo wa maombi ya nyongeza, kwa sababu alitaka mfumo ambao mwanafunzi angeweza kuumaliza katika muhula mmoja. Hapo ndipo leseni ilipouma. Bruce Evans, kwa mfano, aliandika mabadiliko yaliyoiwezesha Minix kutumia uwezo halisi wa prosesa ya 386 ya Intel, iliyokuwa na nguvu zaidi, na mabadiliko hayo yalisambaa kama viraka tu, yaani faili zinazoonyesha mistari iliyoongezwa na iliyoondolewa, kwa kuwa mfumo mzima haukuruhusiwa kutolewa ukiwa umeshabadilishwa. Aliyetaka Minix ya 386 alipaswa kununua disketi za mchapishaji, kuvitafuta viraka kwenye mtandao, kuvibandika kwa mpangilio sahihi na kuujenga upya mfumo mzima, akiomba kiraka kimoja kisigongane na kingine. Kazi hiyo ilirudiwa na kila mtu peke yake. Mtu ambaye angeifanya mara moja kwa niaba ya wenzake na kuwauzia disketi zilizo tayari angekuwa amevunja hakimiliki.

Watumiaji wa Minix hawakukosa msimbo, na bei haikuwa kikwazo kikubwa. Walichokosa ni mtu wa katikati, yule anayekusanya kazi za wengine, anaipanga, anainakili na kuituma kwa malipo. Huyo hutajwa kwa nadra katika simulizi za programu huria, pengine kwa sababu hana ushujaa wowote, ni mfanyabiashara tu.

Wala kuuza bila kuuachia msimbo hakukutosha. Kampuni ya Mark Williams ya Chicago ilikuwa na Coherent, mfumo mwingine wa jamii hiyohiyo, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliuzwa kwa dola 99. Ulikuwa umeandikwa vizuri kiasi kwamba AT&T ilimtuma Dennis Ritchie kuchunguza kama haukunakiliwa kutoka Unix, naye hakupata ushahidi wa kunakili. Hata hivyo msimbo wake ulifungiwa. Kampuni ilipofunga milango mwaka 1995, mfumo ulikufa pamoja nayo, na msimbo ulitolewa kwa umma mwaka 2015, wakati ambapo manufaa yake yalikuwa ya kihistoria tu.

Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki na mtumiaji wa Minix, alianza na hisia ambazo mtu yeyote angezielewa: kazi yake aliitoa bure, basi asitokee mjanja wa kuiuza. Lakini fikiria mtu mwenye tarakilishi nyumbani mwaka 1992, asiye na intaneti, anayeomba anakiliwe Linux na rafiki au na kikundi cha watumiaji. Disketi zina gharama, bahasha na stempu zina gharama, na muda wa kukaa mbele ya mashine ukibadilisha disketi nao una gharama. Leseni ya kwanza ilisema hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kurudishwa. Kwa hiyo msambazaji pekee aliyebaki ni yule aliye tayari kupata hasara kila anapotenda wema, na mtu huyo huchoka mapema. Watu waliotaka kusambaza walimwomba Torvalds aondoe sharti hilo, naye katika maelezo ya toleo la 0.12 la Januari 1992 alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Februari mfumo ungekuwa chini ya GPL, leseni iliyoandikwa na Richard Stallman na ambayo toleo lake la pili lilikuwa limetoka mwaka 1991.

Kuna kichekesho kidogo katika tarehe hizo. Mwishoni mwa Januari hiyohiyo Tanenbaum alimshambulia Torvalds hadharani akidai kwamba Linux, kwa jinsi kiini chake (sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayosimamia mashine) kilivyojengwa, imeshapitwa na wakati, na Torvalds katika kujibu alimkumbusha ni nani anayepata fedha kwa Minix na ni nani anayetoa kazi yake bure. Siku chache baadaye leseni ya Linux ilimruhusu mtu yeyote duniani kupata fedha kwa Linux. Mabishano yale hukumbukwa kwa hoja za ujenzi wa kiini. Kwa msomaji anayejali upatikanaji, jambo zito lilikuwa lile lililotajwa kwa kejeli.

Matokeo yalionekana haraka. Mwaka 1993 ilitoka Slackware ya Patrick Volkerding, mkusanyiko wa Linux na programu zake ulio tayari kufungwa, ambayo toleo lake la kwanza lilijaza disketi 24. Kwa modemu ya biti 14,400 kwa sekunde, kuzivuta zote kungechukua zaidi ya saa tano, kama laini ya simu haikukatika. Kampuni kama Walnut Creek ziliweka kila kitu kwenye diski moja ya CD na kuiuza, na baadaye vitabu na majarida yakaja na diski zao ndani ya jalada. Hakuna kati ya wauzaji hao aliyelazimika kuomba kibali, na kwa kuwa kila mnunuzi naye aliruhusiwa kunakili na kuuza, hakuna aliyeweza kupandisha bei apendavyo. Jambo hili wanaoogopa biashara hulisahau: kinachomzuia muuzaji wa programu huria kuwanyonya watu ni mnunuzi wake mwenyewe, ambaye kesho anaweza kuwa mshindani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi BSD, aina ya Unix iliyoendelezwa na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, haikushinda, ikiwa leseni yake, isiyomlazimu muuzaji kutoa msimbo, iliruhusu kuuza kwa uhuru mkubwa zaidi kuliko GPL. Swali ni la haki. Toleo la BSD liitwalo Net/2 lilitoka Juni 1991, William na Lynne Jolitz walikuwa wakiihamishia BSD kwenye prosesa ya 386, na kampuni ya BSDI iliuza mfumo wake pamoja na msimbo kwa dola 995. Kisha mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T iliyomiliki Unix ikafungua kesi. Suluhu ilipatikana mwanzoni mwa 1994, na kati ya faili zipatazo 18,000 zilizounda Net/2, zilizoondolewa zilikuwa 3 tu. Leseni ya Berkeley ilikuwa karimu, lakini kwa karibu miaka miwili hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mtoa leseni alikuwa na haki ya kutoa alichokitoa, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayejaza ghala kwa bidhaa iliyo mahakamani. Torvalds mwenyewe amewahi kusema kwamba kama 386BSD, yaani ile ya akina Jolitz, ingekuwepo alipoanza, huenda Linux isingezaliwa.

Pingamizi zito zaidi kwa maoni yangu linatoka upande mwingine. Inasemwa kwamba ruhusa ya kuuza huwatajirisha wenye mitaji kwa jasho la wanaojitolea, na kwamba ndiyo maana miaka ya karibuni kampuni kadhaa za programu za seva zimeacha leseni huria na kuchukua zile zinazokataza washindani kuuza huduma. Malalamiko hayo yana msingi. Hata GPL inaweza kubanwa: inamlazimu muuzaji kumpa msimbo yule aliyepokea programu, haimlazimu kuutundika mbele ya ulimwengu. Red Hat, kampuni kubwa inayouza Linux, ilitumia nafasi hiyo mwezi Juni 2023 ilipoacha kuweka hadharani msimbo kamili wa mfumo wake mkuu na kuuelekeza kwa wateja, ambao mkataba wao wa huduma unaweza kukatishwa wakiusambaza. Sikulipenda jambo hilo, na sidhani kwamba linapatana na roho ya leseni. Lakini tazama kilichofuata: AlmaLinux na Rocky Linux, zilizoanzishwa baada ya CentOS ya zamani, iliyokuwa nakala ya bure ya mfumo wa Red Hat, kutangaziwa mwisho Desemba 2020, zimeendelea kutolewa, na zingali zinaweza kunakiliwa, kufungwa kwenye seva za kuuza na kutozwa ada ya usaidizi na mtu yeyote. Leseni inayokataza biashara ingewaondoa hao kabla ya Red Hat yenyewe, kwa sababu kampuni kubwa hununua kibali maalumu, na mdogo hana cha kununulia.

Wengine husema kwamba siku hizi kila mtu hujivutia mfumo mwenyewe, hivyo suala la kuuza nakala limekwisha. Halijakwisha. Fundi anayelipwa kufunga mfumo, kiwanda kinachouza kompyuta zikiwa zimeshawekewa Linux, mwalimu anayetoza ada ya mafunzo na kuwapa wanafunzi nakala, wote hao wangeshikwa na sharti la kwanza la Torvalds kama lingebaki lilivyokuwa.

Minix nayo ilipata leseni ya aina ya BSD mwaka 2000, ikiwa imechelewa kushindania kompyuta za mezani. Mwaka 2017 ikajulikana kwamba Intel ilikuwa imeiweka ndani ya kidhibiti kilichofichwa katika chipu zake, nje ya uwezo wa mwenye kompyuta, na Tanenbaum aliandika barua ya wazi akisema kwamba kampuni haikulazimika kumwarifu, ila ungekuwa uungwana kufanya hivyo. Mfumo ule uliokuwa haupatikani bila kununua disketi sasa umo katika mashine nyingi mno, lakini mwenye mashine hapewi msimbo wake, hawezi kuubadilisha, na kwa kawaida hajui kwamba upo. Ndiyo maana, kati ya leseni mbili zinazoruhusu kuuza, BSD na GPL, mimi huchagua GPL, ile inayomfunga muuzaji kumpa mnunuzi msimbo pamoja na haki zilezile alizozipata yeye.